Mbung'o wa Unguja: yanayosemwa barazani na yaliyokuwa

Akitajwa mbung'o, yule nzi anyonyaye damu na kueneza maradhi, kwenye baraza za Unguja, hakosi mtu wa kusema: "Wale walimalizwa kwa dawa." Ni nusu ya ukweli. Ng'ombe walipakwa dawa mgongoni, vitambaa vyenye sumu vikatundikwa maporini, na mbung'o wakapungua sana. Ila ndani ya msitu wa Jozani na kwenye vichaka vya maweni walisalia, maana huko ndiko kwenye kivuli na unyevu wanaoutaka. Hao waliobaki walimalizwa na mbung'o wenzao: madume waliozalishwa Tanga, wakapigwa mionzi ya gama hadi wakawa tasa, kisha wakamwagwa kutoka kwenye ndege ndogo wakiwa ndani ya viboksi vya karatasi. Kati ya 1994 na 1997 waliachiwa zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996.

Kutokana na hayo kuna wanaoamini kwamba mionzi ilibaki kisiwani ikaingia kwenye maziwa. Dhana hii ndiyo inayonikera zaidi. Mionzi ya gama humpitia mdudu ikaharibu mbegu zake, basi. Yeye mwenyewe hageuki kuwa chanzo cha mionzi, kama ambavyo mtu aliyepigwa eksirei hairudishi nyumbani kwake.

Lakini dume tasa anammalizaje mdudu kisiwa kizima? Jibu limo tumboni mwa jike, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani mbung'o hutaga mayai kama nzi wa jaani. Hatagi. Yai moja huanguliwa humo humo tumboni, na buu hunyonya maziwa yanayotoka kwenye tezi za mama yake. Baada ya siku 9 au 10 hivi anazaliwa, mmoja tu, mnene, uzito wake ukikaribia wa mama mwenyewe. Muda si mrefu anajichimbia udongoni, ngozi yake inakauka ikawa gamba gumu jeusi, na humo hukaa kama mwezi mzima ndipo atoke na mabawa. Mbu hutaga mayai kwa mamia. Huyu umri wake wote huambulia watoto wachache. Tena jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu, akaziweka mbegu akiba. Siku hiyo akiangukia kwa dume tasa, uzazi wake umekwisha.

"Anayeuma ni jike" ni habari ya mbu. Mbung'o, dume kwa jike, chakula chao ni damu. Ndiyo maana madume wale walilishwa kwanza damu yenye dawa ya nagana, maradhi ya ng'ombe yanayoenezwa na mbung'o, wasije wakaeneza maradhi yale yale waliyoletwa kuyaondoa.

Na maradhi yenyewe yalikuwa ya mifugo. Unguja ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, *Glossina austeni*, mdogo, wa rangi ya hudhurungi. Huyo ndiye aliyekuwa akiwapa ng'ombe nagana: homa, kukonda, kupungukiwa damu, mimba kutoka. Malale ya binadamu ni balaa la bara, linaloenezwa na mbung'o wa aina nyingine.

Pemba haikusafishwa, kwa sababu hakukuwa na mbung'o wa kusafisha. Wanaouliza kwa nini bara wasifanye vivyo hivyo waangalie ramani: huko aina ni kadhaa, na pori moja likishasafishwa, wengine huingia kutoka pori la jirani. Unguja ilizungukwa na bahari, na mbung'o havuki bahari kwa mabawa yake.

Basi anayekung'ata leo ukienda Jozani kutazama kima punju, usimwite mbung'o kwa sababu tu ameuma kwa uchungu. Mtazame akishatua. Mbung'o huyalaza mabawa juu ya mgongo, moja likalifunika jingine sawasawa, na mdomo wake umechomoza mbele. Chafuo, nzi mwingine anayeuma, huyaacha yametanuka pembeni.