Umbali wa nyota haukisiwi, unapimwa

Joto likizidi hapa Kisumu, hukosi mtu wa kukwambia kwamba ni kwa sababu ikweta iko karibu na jua. Ikweta yenyewe inapita Maseno, mwendo mfupi tu kwa matatu, kwa hiyo maneno hayo yanaingia akilini upesi. Lakini mwulize huyo huyo mbona Nakuru kuna baridi. Nakuru nayo iko pembeni kabisa mwa ikweta, tena imeinuka takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kisumu ni mita 1,130 hivi. Kama kulisogelea jua ndiko kunakoleta joto, watu wa Nakuru ndio wangeshinda wakijipepea.

Ukweli ni kwamba jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, na mbele ya umbali huo upana wa dunia nzima si kitu. Umbali wenyewe hubadilika: mapema Januari huwa kilomita milioni 147, mapema Julai milioni 152. Kinacholeta joto la ikweta ni miale kutua karibu wima saa sita mchana, mwaka mzima. Ubaridi wa Nakuru ni wa mwinuko. Nimeanza na hili kwa sababu makosa mengi kuhusu anga yana mzizi huo huo: tunazungumzia umbali ambao hatujawahi kuuliza ulipimwaje.

"Mwaka wa nuru ni muda"

Sivyo. Ni umbali, kilomita trilioni 9.46, ambao nuru huukata kwa mwaka mmoja.

"Nuru hufika papo hapo"

Nuru ina mwendo: karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka mwezini hutumia sekunde moja na kitu. Kutoka kwenye jua, dakika 8 na sekunde 20. Aliyeonyesha kwamba nuru huchukua muda ni Ole Rømer, Mdenmaki aliyekuwa akifanya kazi Paris, mwaka 1676. Mshtarii ina mwezi uitwao Io ambao huizunguka kila baada ya saa 42 na nusu hivi, ukiingia na kutoka kwenye kivuli cha sayari hiyo. Rømer aliona kwamba dunia inapokwenda mbali na Mshtarii, kupatwa kwa Io kunachelewa kuonekana, na dunia inapoikaribia, kunawahi. Io haikuwa na hitilafu yoyote. Nuru ndiyo iliyokuwa na safari ndefu zaidi. Alikadiria kwamba nuru huvuka kipenyo cha njia ya dunia kwa dakika 22. Leo tunajua ni dakika 16 na sekunde 40 hivi. Kwa vifaa vya wakati ule, ninamvulia kofia.

Tangu mwaka 1983 hata mita inatokana na nuru: ni umbali ambao nuru huukata katika ombwe kwa sehemu moja ya 299,792,458 za sekunde. Tepu ya fundi wa vitanda pale Kibuye inategemea kipimo hicho, ajue asijue.

"Wanakisia tu, nani alienda huko?"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linafuta kazi ya watu waliokesha maisha yao yote wakipima.

Tuanze na mwezi. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha huko vioo maalumu vya kurudisha nuru. Hadi leo watafiti huvipiga kwa miale ya leza na kuhesabu muda wa kwenda na kurudi, takriban sekunde 2 na nusu. Hivyo ndivyo tunavyojua kwamba mwezi unatuondokea kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Sayari ya Zuhura nayo ilipigwa kwa rada mwaka 1961, na umbali wa jua ukajulikana kwa usahihi zaidi kutokana na hesabu hizo.

Nyota haipigwi rada, iko mbali mno. Hapo ndipo pembe zinapoingia. Simama ufukweni Dunga asubuhi, uchague mashua iliyotia nanga, uone iko mkabala na kilima gani ng'ambo ya ghuba. Tembea hatua mia kando ya ziwa, uitazame tena. Sasa iko mkabala na kilima kingine, ingawa nanga haijang'olewa. Mashua ya karibu huonekana kuhama sana, ya mbali kidogo. Ukijua urefu ulioutembea na pembe iliyobadilika, hesabu za pembetatu za shule ya upili zitakupa umbali wa mashua bila kulowesha miguu.

Wanajimu wa sayansi hufanya hivyo hivyo, ila "hatua" zao ni kilomita milioni 300: huipima nyota Januari, wakaipima tena Julai, dunia ikiwa upande wa pili wa jua. Mwaka 1838 Friedrich Bessel alifanikiwa kwa nyota iitwayo 61 Cygni. Ukigawa digrii moja mara 3,600, nyota hiyo ilisogea kwa zaidi kidogo ya nusu ya kipande kimoja. Alipata miaka ya nuru kama 10. Kipimo cha leo ni 11.4. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, imezipima kwa njia hiyo nyota zaidi ya bilioni moja.

Mbali zaidi ya hapo, pembe huwa ndogo kupita kiasi. Henrietta Leavitt alionyesha mwaka 1912 kwamba kuna nyota zinazopwesa kwa mpangilio, yaani mng'ao wake hupanda na kushuka, na kadiri mpwesho unavyochukua muda mrefu ndivyo nyota inavyong'aa zaidi kiasili. Linganisha mng'ao huo wa asili na ule unaoonekana, upate umbali. Kwa nyota za aina hiyo Edwin Hubble alithibitisha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, yaani kundi kubwa mno la nyota lililo nje ya letu. Iko miaka ya nuru milioni 2.5 kutoka kwetu.

"Inayong'aa sana ndiyo ya karibu"

Nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua, Proxima Centauri, iko miaka ya nuru 4.24, na kwa macho matupu huioni kabisa. Canopus, ya pili kwa mng'ao usiku, iko kama 310.

"Nyota tunazoziona zimeshakufa"

Haya husambazwa sana mitandaoni. Nyota nyingi zinazoonekana kwa macho ziko ndani ya miaka ya nuru elfu chache, na nyota huishi mamilioni hadi mabilioni ya miaka. Karibu zote zipo.

Chukua Kilimia, lile kundi la nyota. Nuru yake ya leo iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na nyota zake bado ni changa. Umbali wake ulizua ubishi mkali. Setilaiti ya Hipparcos, iliyorushwa mwaka 1989, ilitoa miaka ya nuru kama 390, huku njia nyingine zikisisitiza kama 435. Mwaka 2014 darubini za redio zilizounganishwa zilipata kama 443. Gaia ikaja na vipimo vyake, navyo vikaangukia karibu na hapo. Kosa lilikuwa la Hipparcos.