Kwa nini ukuta wa mawe huzidi kuota kuvu ukishapigwa saruji?

Masika ya mwaka juzi maji yalipenya darini katika nyumba ya bibi yetu, Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, yakateremka ndani ya ukuta mpaka nyuma ya kabati la nguo. Nikafanya kama wanavyofanya wengi: fundi alibandua plasta ya zamani iliyolainika, akapiga ya saruji, tukamalizia kwa rangi ya mafuta. Niliamini kwamba saruji haipitishi maji, basi ukuta umepona. Masika ya pili hayajafika, rangi ilikuwa imefura malengelenge, unga mweupe unamwagika sakafuni, na nyuma ya kabati kuvu nyeusi imepanda hadi usawa wa kiuno.

Kosa langu lilikuwa hili: nilijiuliza maji yanaingilia wapi, sikujiuliza yatapata wapi njia ya kutoka. Na nadhani ndilo kosa la nyumba nyingi za Mji Mkongwe, maana kila ukuta unapolowa jibu letu ni kuziba, na ukilowa tena tunaziba zaidi.

Nyumba hizi, ambazo mji wao uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Jiwe la tumbawe lina vitundu tele, nalo hunywa maji. Kuta zake ni nene, nusu mita na zaidi, na chini yake hakuna kizuizi cha kukata unyevu wa ardhini. Kwa hiyo ukuta wa namna hii huwa na maji kidogo ndani yake mwaka mzima, hata paa likiwa zima. Kinachouweka salama ni kwamba maji hayo yana njia ya kutokea.

Fikiria mtungi wa udongo uliojaa maji. Nje yake hutoka jasho, upepo ukalichukua, na maji ya ndani yakapoa. Sasa upake mtungi huo rangi ya mafuta. Ukiugusa utauona mkavu, mkavu kuliko ule wa mwanzo, lakini ndani haujapungua hata tone. Plasta ya chokaa ni ngozi ya mtungi usiopakwa: ukuta hutoka jasho kupitia humo. Saruji na rangi ya mafuta ni ule uliopakwa. Siku za kwanza ukuta wangu ulikuwa mkavu kweli, na ukavu huo ndio ulionihadaa.

Maji yaliyofungiwa hayatulii. Hupanda kwenye vitundu vya jiwe kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, mpaka yapate mwanya. Ukiziba mpaka kiunoni, yatatokea kifuani, au yatavuka upande wa pili, chumbani kwa mwenzio. Ndiyo maana baada ya matengenezo doa huonekana juu zaidi ya lilipokuwa.

Maji hayo hubeba chumvi, ya upepo wa bahari na ya mchanga wa pwani uliotumiwa kujengea. Kwenye chokaa, maji yakikauka, chumvi hubaki usoni mwa ukuta na hufagiliwa. Nyuma ya saruji hugandia ndani, na chembe zake zikikua katika vitundu husukuma kama mzizi ndani ya ufa. Fundi wa pili tuliyemwita, mzee wa kazi za chokaa, aligonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Karibu na dirisha ulilia kavu. Chini yake ulilia kama ngoma. Alipochokoa, kipande cha ukubwa wa sinia kilianguka chote kwa pamoja. Mawe ya nyuma yalikuwa chepechepe. Alipitisha kidole, akakilamba, akaniambia nami nionje. Chumvi tupu.

Mimi nahofia boriti kuliko kuvu. Ncha zake zimezikwa humo ukutani, na mti unaokaa majimaji bila hewa huoza pasipoonekana.

Haya hayahusu nyumba za matofali ya saruji za Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Huko saruji inaoana na ukuta wake, na kuvu aghalabu hutokana na bomba linalovuja au chumba kisichopata hewa. Wala chokaa haitibu paa bovu. Dari na michirizi hutengenezwa kwanza, la sivyo yote mengine ni bure.

Kuvu yenyewe haitaki makubwa. Vijimbegu vyake vimo hewani kila siku, na kwenye nguo au mbao zilizolowa, siku 1 au 2 zinatosha ianze. Dawa ya klorini huiondoa kwenye vigae, ila kwenye plasta hurudi, maana maji bado yapo. Usiichanganye na siki wala dawa yenye amonia. Hutoa gesi ya sumu. Kuvu usiisugue kavu: ilowanishe, jifunge barakoa, na mwenye pumu atoke chumbani.

Kisha saruji hubanduliwa, dhiraa nzima kupita mpaka wa doa, na hapo ndipo pagumu: kungoja. Makadirio ya kawaida ni mwezi 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ukuta wa sentimita 50 unaokauka pande zote mbili unataka miezi kama 10, na kwa hewa yetu ya bahari pengine zaidi. Kaskazi husaidia, madirisha hufunguliwa mchana kutwa. Chokaa nayo haiharakishwi. Hupigwa tabaka nyembamba, ikafunikwa magunia yaliyoloweshwa, kwa kuwa hukomaa kwa kuvuta kaboni dioksidi hewani, ikarudi polepole kuwa jiwe lilelile lililochomwa tanuuni. Mimi hilo hunishangaza kila nikilifikiria: ukuta unaota jiwe upya kutokana na hewa.

Chumbani kwa bibi mawe bado yako uchi, huu mwezi wa saba tangu saruji ibanduliwe. Kabati limesimama katikati ya chumba. Kila asubuhi huupitishia ukuta kiganja. Juu ya dirisha umekauka, chini, kiasi cha shibiri 2 kutoka sakafuni, bado ni baridi.