Metadata ya maelezo na matoleo ya kitu kimoja, vinashikanishwa vipi?

Metadata ya maelezo ni zile taarifa zinazokwambia kitu ni nini: jina lake, nani katunga, mwaka gani, kinahusu nini, lugha gani. Hapo hapana tabu. Tabu inaanza pale kitu kimoja kwenye maktaba ya dijitali kinapokuwa na mafaili chungu nzima, sasa yale maelezo unayatia kwenye faili lipi?

Chukua nyimbo za Siti binti Saad. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurikodi santuri za kampuni ya HMV, na santuri za zama zile upande mmoja ulikuwa unabeba kama dakika tatu tu, kwa hivo wimbo ukiwa mrefu unakatwa, nusu upande huu na nusu ukiigeuza. Leo mtu akiitia santuri ile kwenye kompyuta anapata faili zito la WAV la kila upande, hilo ndo la kuhifadhi na halichezewi, halafu anatoa MP3 nyepesi za kusikiliza kwenye simu, pengine na nyengine zilizosafishwa mikwaruzo, tena anapiga na picha ya lebo. Wimbo ni mmoja na mafaili yashafika saba.

Njia ya haraka ni kukopi maelezo yale yale ukayatia kila faili, na mimi siikubali kabisa. Leo umeandika "Siti bint Saad", kesho mwenzako anarekebisha iwe "Siti binti Saad" kwenye faili moja, yaliyobaki yanakaa vile vile, mtu akija kutafuta baadae anapata baadhi tu na anaamini ndo yote yaliyopo. Tarehe ndo balaa zaidi. MP3 imetengenezwa juzi, kompyuta inajiandikia mwaka wa juzi, ukiuacha ukae kwenye sehemu ya tarehe ya wimbo basi mwanafunzi anasoma kwamba Siti karikodi zaidi ya miaka sabini baada ya kufariki kwake, maana kafariki 1950! Ile tarehe si ya uongo, ila ni tarehe ya faili, si ya wimbo, na hapo ndo pana dhana yenyewe khasa.

Maelezo ya wimbo yanaandikwa mara moja, pahala pamoja, yanapewa namba ya utambulisho, na kila faili linaelekeza kwenye namba ile. Faili nalo linabaki na machache yake: limetengenezwa lini, aina gani, limetolewa kutoka faili lipi, limesafishwa au halijasafishwa. Ukirekebisha jina la Siti pale juu, mafaili yote yanafaidika bila ya kuyagusa.

Kuna mfumo unaitwa METS, unaosimamiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, umejengwa kwa fikra hii. Ni faili la XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa alama ambazo kompyuta inaweza kuzisoma, na ndani yake pana sehemu ya maelezo, pana sehemu ya orodha ya mafaili yaliyopangwa kwa makundi (ya kuhifadhi huku, ya kusikiliza kule), na pana ramani inayosema upande wa kwanza wa santuri unaanza kisha unafuata wa pili. Maelezo unaweza kuyafunga kwenye ramani, yakawa ya wimbo mzima au ya upande mmoja, au ukayafunga kwenye faili moja likiwa lina jambo lake. Kwa wengi wetu kufunga kwenye ramani kunatosha.

Sasa suali gumu: lini toleo linakuwa kitu kipya cha kuandikiwa maelezo yake? Dublin Core, utaratibu wa kuandika metadata ya maelezo ulioanza kwenye mkutano wa Dublin, Ohio, mwaka 1995, unatofautisha mahusiano mawili hapa. Moja linasema hiki ni kile kile kwa umbo jengine la faili, la pili linasema hiki ni toleo la kile, yaani yaliyomo yenyewe yamebadilika. Tuseme barua ya enzi za masultani, kama zile zilizohifadhiwa kwenye Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, imeandikwa kwa hati za Kiarabu. Ukiskani ukapata TIFF, picha nzito ya kuhifadhi, kisha ukatoa JPEG nyepesi, hiyo ni barua ile ile, umbo tu. Lakini mtu akikaa akaisoma akaiandika kwa herufi za Kilatini, keshaingiza kazi yake: kachagua neno hili lisomeke hivi na si vile, na msomaji mwengine anaweza asikubaliane nae. Mimi naona lazima ipewe maelezo yake, jina la aliyeisoma na mwaka, halafu iunganishwe na barua ya asili, na tafsiri ikija vile vile. IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, walilipanga hili mwaka 1998 kwa ngazi nne, kazi yenyewe, namna ilivyoelezwa, umbo ililotolewa, na nakala moja moja, ila mtu anaeanza asizibebe zote nne, mbili zinamtosha.

Kuunganisha kusitegemee jina la faili wala folda. Mafaili yanahamishwa, diski zinabadilishwa, mtu anaongeza "mpya" mbele ya jina na unganisho limekufa. Namba ndo inashika. Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za utafiti, wanafanya vizuri hapa, wanatoa DOI (namba ya utambulisho ya kudumu) moja ya kazi nzima na nyengine ya kila toleo, kwa hivo unaweza kutaja toleo ulilotumia au kazi kwa jumla.

Na picha za jumba la Beit el Ajaib la Zanzibar zinazozunguka kwenye magrupu tangu sehemu yake iporomoke Disemba 2020, nyingi hazina mwaka wala mpigaji, maana WhatsApp mara nyingi inafuta taarifa zilizofichwa ndani ya picha. Kwa hivo nakala ya kugawa iandikwe namba yake chini ya picha, kwa herufi zinazoonekana, mtu akitaka kujua zaidi aitafute kwa namba hiyo.