Siyo kila tairi linaloliwa linataka alaimenti

Wiki hii ni mara ya nne naambiwa: "Fundi, piga alaimenti, gari linakula tairi." Yaani nipime na kunyoosha jinsi magurudumu yanavyoelekea. Huyu wa nne kaja na Land Cruiser ya watalii iliyotoka Serengeti, tairi za mbele zimeliwa bega la ndani, mkononi ana karatasi mbili za mashine ya kupima alaimenti, zote za mwaka huu. Nikalala chini, kijana akatikisa usukani. Tairodi endi, kile kiungo cha mwisho wa tairodi, chuma kinachounganisha tairi mbili za mbele, inacheza waziwazi! Amelipia vipimo mara mbili kwa kitu kisichotulia.

Gari hili mbele lina ekseli nzima, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kemba, yaani tairi kuinama ndani au nje kwa juu, imo kwenye chuma chenyewe, haina bolti ya kuirekebisha. Karatasi ikionyesha nyekundu hapo, tafuta beringi zilizolegea, za kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia) au za gurudumu, au ekseli iliyopinda. Kasta, yaani mlalo wa pini hiyo kwenda nyuma, nayo ni hivyo hivyo: ukinyanyua gari kwa springi ndefu inapungua, usukani unakataa kurudi wenyewe, dawa ni bushi maalumu, zile raba za viungo vya ekseli. Mara nyingi kasta haili tairi.

Kinachobaki ni jinsi tairi mbili za mbele zinavyoelekeana, na hapo unazungusha tairodi tu. Mashine inapima gari limesimama. Likitembea, barabara inazisukuma tairi kurudi nyuma, na mlegeo wowote kwenye tairodi unaziachanisha kwa mbele. Karatasi inasema sawa, barabarani siyo sawa. Nimechoka kulieleza hili.

Na msidharau milimita. Tairi ya 7.50-16 ina kipenyo kama sentimita 80. Zikiachana kwa mbele milimita 6, kila tairi linabeba 3, yaani kila kilomita linaburuzwa kiupande karibu mita 4. Safari ya kilomita 300 umesugua mpira kwenye changarawe zaidi ya kilomita nzima. Pitisha kiganja juu ya kashata, yale matofali ya mpira ya tairi: kutoka ndani kwenda nje ni laini, ukirudisha inakwaruza kama msumeno. Ukikuta hivyo, ndipo uzungumzie alaimenti.

Mabega yote mawili yakiisha, upepo mdogo. Katikati ikiisha, upepo mwingi. Mabonde mabonde, angalia shokapu.

Kuna yanayonisumbua hata mimi. Tairi za kashata kubwa za tope, upande mmoja wa kila kashata hutangulia kuisha hata gari likiwa limenyooka. Kuzihamisha kila kilomita 8,000 kunapunguza, hakuondoi. Na kipimo ninachoweka hapa Arusha sithubutu kuahidi kitabaki hivyo baada ya safari tatu za barabara ya mawimbi. Ndiyo maana nasema rudi nikukague, na watu wanadhani natafuta hela.

Yule wa nne nimembadilishia tairodi endi zote mbili, nikaangalia beringi, nikajaza upepo, ndipo nikapima. Tairi zake za mbele nimezihamishia nyuma zimalizie maisha yake huko.