"Inchi Ngapi?" Dhana Potofu Kuhusu Mbogo Dume Aliyekomaa

Mgeni akishashuka kwenye ndege ndogo, kabla hajauliza choo kiko upande gani, anauliza inchi, yaani upana wa pembe za mbogo. "Mwaka huu mmeona ya arobaini?" Na wala si Wazungu peke yao. Watanzania wenzangu wanaowinda kwa leseni za wakazi, watu waliokulia jirani na pori, wananitumia picha saa nne za usiku: "Kaka, huyu si mzee huyu? Cheki pembe zilivyotanuka." Nafungua picha. Kijana wa miaka mitano, sita kwa kumpendelea. Nina miaka 19 kwenye uwindaji bingwa, kazi ya kuwaongoza wageni wanaowinda, mingi nimeimalizia mapori ya akiba ya Rungwa na Kizigo, na kama kuna maneno ningeomba yapigwe marufuku kambini ni hayo: pembe zilivyotanuka.

"Pembe pana, basi ni mzee"

Hapana. Mbogo dume anatanua pembe mapema. Akifika miaka 5 au 6 upana umeshafika kikomo au umebakiza kidogo sana. Kuanzia hapo kinachoendelea ni bosi, lile gamba zito la juu ya paji pembe zinapokutana. Bosi inajaa, inasogea katikati, inakauka, na kazi hiyo haiishi mpaka miaka 7 au 8. Baadaye pembe zenyewe zinaanza kupungua. Dume anachimbua udongo, anasugua miti, anapigana, na kila mwaka ncha zinasagika. Wapo wazee niliowakuta na pembe zilizobaki butu kama vishikio vya jembe. Sasa wewe uliyekuja na tepu ya kupimia mfukoni, ukipanga madume kwa upana, mara nyingi utakayemweka juu ni kijana, na babu yake utampita bila kumtazama mara mbili.

Hasara yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Dume wa miaka 6 bado hajapata nafasi kwa majike; wakubwa wanamtimua. Miaka yake ya kupanda inaanza pale bosi inapokauka, akiwa na 7 au 8, na kuendelea mpaka 10 hivi. Kwa hiyo ukimtoa huyo mwenye pembe nzuri kuliko wenzake, umemtoa kabla hajaacha ndama hata mmoja mwenye pembe za namna hiyo. Rudia hivyo msimu baada ya msimu kwenye kitalu kimoja cha uwindaji, halafu mniulize kwa nini siku hizi "ya arobaini" hazionekani. Mniulize mimi!

Sehemu ya lawama naiweka kwa vitabu vya rekodi za nyara, vilivyoanza Uingereza karne ya 19, vinavyompa mbogo heshima kwa upana wake. Sehemu nyingine naibeba mwenyewe. Mwaka wangu wa tatu kwenye kazi, mwezi wa tisa, tuliwakuta madume watatu wamelala kwenye dimbwi la Kizigo, mto wote umebaki mchanga na vidimbwi. Mmoja alikuwa mpana ajabu. Mgeni wangu akaanza kutetemeka, na mimi pia, nisiseme uongo. Traka wetu, mzee aliyekuwa akifuata nyayo tangu mimi nikiwa shule ya msingi, akanong'ona, "Mtoto huyo. Mwache akakue."

"Mzee, si unaona bosi ile?"

"Bosi ya matope hiyo, mwanangu."

Sikumsikiliza. Risasi ikalia, mbogo akaanguka, tukapima inchi 43, picha zikapigwa, bia zikafunguliwa. Kesho yake kwenye banda la ngozi fuvu likatumbukizwa kwenye pipa la maji ya moto. Matope yakaondoka kwanza. Chini yake, katikati ya paji, kulikuwa na utepe wa ngozi na nywele nyekundunyekundu wenye upana wa kiganja, na kingo za bosi zilikuwa laini kama kwato za ndama. Kadiri maji yalivyochemka ndivyo zilivyosinyaa na kukunjamana. Mzee hakusema kitu. Alichukua taya la chini, akalisafisha kwa kisu, akaliweka juu ya meza yangu ya kulia chakula, karibu na sahani, akaenda zake. Magego hayakuwa yamesagika hata kidogo.

Tangu siku hiyo dume aliyetoka kwenye matope siamui mpaka nimwone vizuri. Udongo uliokauka unajaza ule uwazi wa katikati na kuufanya uonekane mfupa. Subiri ajisugue kwenye mti, au ainamishe kichwa anywe maji. Akiinama anakuonyesha paji lote, na hapo ndipo pa kutazama. Bosi iliyokomaa ina mikunjo na nyufa kama gome la mti mkavu, rangi moja mpaka katikati, ikishuka mpaka karibu na macho. Bosi changa inang'aa kama imelowa, kingo zake zimefifia zikaingia kwenye nywele, na katikati kuna mfereji wenye ngozi. Ukiona nywele katikati ya bosi, teremsha bunduki. Sijali pembe zimefika wapi.

Kisha uso na mwili. Mzee wa kweli anakonda usoni. Mashimo yanatokea juu ya macho, nywele zinapukutika, na wengine wanabaki na weupe kuzunguka macho kama wamevaa miwani. Ngozi ya kooni inaning'inia. Mifupa ya nyonga imesimama. Masikio yamechanika, na hili la masikio lina vichekesho vyake: wawindaji wanatumia masikio kama rula, kutoka ncha hadi ncha ni kama inchi 30 na kidogo, wanakadiria pembe zimezidi kiasi gani kila upande. Mzee mwenye masikio yaliyoliwa nusu na simba anawapa hesabu ya uongo kila mara. Halafu wanamlaumu mwindaji bingwa tepu ikisoma 37.

"Yuko peke yake, basi amefukuzwa kundini"

Hadithi ya mzee mpweke aliyenyang'anywa wake zake ni tamu kusimulia jioni, moto ukiwaka. Ukweli ni kwamba madume wa kila umri huingia na kutoka kundini. Wakati wa kiangazi dume mwenye miaka 7 anaweza kukaa mbali na majike miezi kadhaa, akala, akanenepa, kisha akarudi kupigania nafasi yake. Na vikundi vya madume watupu vimejaa vijana. Katika madume wanne waliolala chini ya mkwaju, anaweza kuwemo mzee mmoja, na anaweza asiwemo. Ni kweli wakongwe wa miaka 11 na kuendelea wengi hawarudi tena, lakini upweke peke yake hauna cheti cha kuzaliwa. Tazama bosi.

"Weusi tii ndio uzee"

Dume wa miaka 8 ndiye mweusi tii. Akizeeka nywele zinatoka, ngozi inabaki na mabaka ya kijivu. Zaidi ya hapo, rangi unayoiona mchana mara nyingi ni ya dimbwi alilogaagaa asubuhi: mwekundu Rungwa, mweusi kwenye mbuga ya Kilombero. Tusipoteze muda hapa.

"Wayo mkubwa, dume mkubwa"

Wayo unakuambia ni dume, basi. Kwato za mbele za dume ni pana na za mviringo, kubwa wazi kuliko za nyuma. Lakini mwili wake ukishakomaa, kwato nazo zimemaliza kukua, kwa hiyo wa miaka 6 na wa miaka 12 wanaweza kuacha alama za kipimo kimoja. Traka mzuri hutazama kingo: za mzee zimelika na kuwa butu, na wengine hukokota ncha ya kwato wakitembea. Hata hivyo, hiyo ni sababu ya kufuata tu. Sababu ya kufyatua utaipata mbele, kwenye paji.

"Pembe kubwa hivyo haziwezi kuwa za jike"

Zinaweza, na kila msimu kuna mtu kwenye kitalu fulani analipia kosa hili. Jike ana pembe, na za jike mzee hutanuka hata kumpita dume. Ila ni nyembamba, hazina bosi, na katikati ya paji unaona nywele wazi. Kwenye majani marefu ya Julai, msimu ukifunguliwa, ambapo unaona pembe tupu zikielea juu ya nyasi, usiniambie una uhakika.

"Tumezunguka siku tatu, hakuna. Wamehama"

Hili linanikera karibu sawa na lile la kwanza. Mtu ameketi juu ya Land Cruiser kuanzia saa tatu asubuhi, jua kali, upepo unazunguka, injini inanguruma, halafu anatangaza kwamba kitalu hakina mbogo. Mzee hahami kirahisi. Dume mkongwe hahitaji eneo kubwa. Anahitaji maji, kichaka kizito, majani kidogo, na utulivu. Akipata kona yenye hivyo vinne anaweza kukaa hapo msimu mzima, wakati kundi la majike mia tatu linalazimika kutembea mbali kutafuta malisho.

Lakini ratiba yake siyo ya kwako. Anakula usiku na alfajiri, anakunywa gizani au mapambazuko, na saa tatu hiyo uliyopanda gari yeye ameshaingia kwenye kichaka cha korongo, amelala akitazama njia aliyojia. Ndiyo maana upelelezi wangu unaanzia kwenye maji, saa kumi na mbili asubuhi, kwa miguu. Kuanzia Septemba maji yanapobaki kwenye madimbwi machache, kazi inakuwa rahisi. Mbogo lazima anywe, na kila anayekunywa anaacha sahihi.

Ukikuta nyayo za madume wawili au watatu bila ndama, inama. Utando wa buibui ukivuka juu ya wayo, amepita mapema usiku, mwache. Kama umande umepondwa ndani ya alama na pembeni umesimama, una nafasi. Pasua mavi kwa kijiti: juu yamekauka lakini ndani ni kijani na joto, basi mko karibu. Majani aliyoyaangusha akitembea yakiwa bado hayajanyauka, nyamazeni kabisa. Toa kifuko cha majivu, kitikise, uone upepo unayapeleka wapi. Yakipeperuka kutoka mgongoni kwako kuelekea kwenye kichaka, rudi kambini ukanywe chai. Nasema hivyo kwa dhati. Mzee akishakunusa mara mbili kwenye kona yake anaweza kuihama kweli, na wiki nzima mtakuwa mnapiga picha pundamilia. Wageni hawapendi kuambiwa warudi saa mbili asubuhi wakati kila siku ya safari wameilipia dola. Naelewa. Narudi hata hivyo.

Jambo jingine: wasikilizeni shashi, wale ndege wanaokula kupe. Kelele zao kichakani zimenionyesha wazee wengi kuliko darubini. Zimenifichua vilevile: wakiruka kwa ghafla na kupiga kelele, ujue wamekuona, na aliyelala chini yao ameshasimama.

"Simba mwenye manyoya meusi shingoni ndiye mzee"

Simo kwenye mbogo tena, lakini swali hili linakuja na wageni walewale. Tanzania inataka simba dume anayewindwa awe ametimiza miaka 6, na manyoya hayawezi kukuthibitishia hilo. Weusi na wingi wake vinategemea pia joto la mahali na afya ya mnyama. Selous wapo madume wazima wenye manyoya machache mno, ungedhani vijana. Afadhali pua: inaanza ikiwa ya waridi, inajaa madoa meusi kadiri miaka inavyokwenda. Utafiti wa Serengeti wa akina Craig Packer, watafiti wa simba, uliotoka 2004, ulijengwa juu ya pua hizo. Nayo siyo saa ya ukutani. Ichanganye na makovu, meno na umbo la mwili, na ukiwa na shaka usipige.

"Kujua umri wake kamili haiwezekani"

Akiwa hai, ni kweli, tunakadiria. Akishaanguka hakuna kisingizio. Gego la kwanza la kudumu kwenye taya la chini ndilo linalotangulia kuota, kwa hiyo ndilo linalotangulia kusagika. Kwa kijana utaona vile vishimo vya katikati ya jino, virefu na vyeusi. Kwa mzee vimefutika, jino limekuwa bapa kama sabuni iliyotumika. Anayetaka uhakika zaidi anapeleka jino maabara, mzizi unakatwa kipande chembamba na mistari yake inahesabiwa kwa hadubini.

Sasa bado kuna kambi zinazotupa taya. Kichwa kinaenda kwenye pipa, nyama inagawanywa, taya la chini linabaki porini kwa fisi. Kwangu linachemshwa siku hiyohiyo, linaandikwa namba ya leseni na tarehe kwa wino usiofutika, linaning'inizwa kwenye waya nyuma ya banda la ngozi. Mgeni akifika na kuniuliza inchi, nampeleka pale kwanza. La inchi 43 ni la tatu kutoka kushoto.