Mama Aliyekosa Chanjo Hakukosa Akili

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mtu aliyesomea tiba na anayepanga bajeti za kampeni: wazazi hawachanji watoto kwa sababu hawaelewi, kwa hiyo tuongeze elimu kwa umma. Wote mezani wakaafiki. Fedha zikaelekezwa kwenye mabango, matangazo ya redio na fulana. Kazi yangu ni kuchunguza kwa nini watu wanachanjwa au hawachanjwi, na nimeifanya muda wa kutosha kulisema hili waziwazi: hoja hiyo inawadharau wazazi, inatuondolea lawama sisi wa upande wa huduma, na watoto wanabaki bila dozi.

Tuanze na watoto wenyewe. Kwa makadirio ya WHO na UNICEF, mwaka 2024 watoto wachanga zaidi ya milioni 14 duniani hawakupata hata dozi moja ya chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Karibu nusu yao wako katika nchi 26 zenye vita, machafuko au majanga, ingawa nchi hizo zina robo tu ya watoto wachanga wa dunia. Mtoto aliyezaliwa kambini, au katika mji uliozingirwa, hakukosa chanjo kwa sababu mama yake hakusikia tangazo.

Sasa twende kwenye imani, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mwaka 2018 taasisi ya Wellcome iliuliza watu wa nchi zaidi ya 140 wanachofikiri kuhusu chanjo. Nchi iliyoongoza kwa shaka juu ya usalama wake ilikuwa Ufaransa: mtu 1 kati ya 3 hakukubali kwamba chanjo ni salama. Bangladesh na Rwanda, karibu kila aliyeulizwa alikubali. Nani atasema Wafaransa hawajasoma? Na pamoja na shaka yote hiyo, watoto wa Ufaransa walio wengi kabisa walikuwa wamechanjwa dhidi ya dondakoo, pepopunda na polio, kwa kuwa chanjo hizo zilikuwa za lazima na huduma ilikuwa karibu. Shaka ya mtu na mkono wa mtoto wake uliochanjwa vinaweza kukaa nyumba moja. Vivyo hivyo, imani kubwa inaweza kukaa nyumba moja na kadi ya kliniki yenye nafasi tupu.

Wakati wa UVIKO-19 jambo hili lilionekana mchana kweupe. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha nchi kadhaa za kipato cha chini na cha kati na Marekani na Urusi. Katika kundi la kwanza, watu 80 kati ya 100 walisema wangechanjwa. Marekani walikuwa kama 65, Urusi kama 30. Wakati huo dozi zilikuwa zimejaa kwenye majokofu ya nchi tajiri. Zilipoanza kufika kwingine, kwa mafungu, bila ratiba, nyingine zikiwa zimebakiza wiki chache kuisha muda, na vituo visipojaa, mara moja likatolewa jibu lilelile: wananchi hawana uelewa.

Naomba nikae hapa kidogo, kwenye kichupa cha chanjo ya surua, kwa sababu hakuna kinachonikera kuliko hiki. Chanjo ile huja ikiwa unga. Ukishaichanganya na kimiminika chake lazima itumike ndani ya saa 6, au imwagwe kipindi cha kliniki kikiisha. Katika nchi nyingi kichupa kimoja kina dozi 10. Siku hiyo wamekuja watoto 3. Muuguzi anajua akifungua kichupa, dozi 7 zitamwagwa, na mwisho wa mwezi ataulizwa kuhusu upotevu. Mwongozo wa WHO uko wazi kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini anayemhoji muuguzi ni bosi wake, si WHO. Basi anamwambia mama arudi siku ya surua, wiki ijayo. Mama ameshaacha kibarua cha siku, ameshapanga foleni, ameshambeba mtoto njia nzima. Anarudi nyumbani. Wiki ijayo kuna mgonjwa ndani, au hakuna nauli, au kibarua hakimruhusu mara ya pili.

Fuatilia sasa safari ya karatasi. Kwenye rejista ya kituo anaandikwa hakurudi. Kwenye ripoti ya ngazi ya juu anakuwa mtoro. Kwenye wasilisho la taifa anaingizwa ndani ya mwitikio mdogo, na kwenye andiko la mfadhili tayari ni mzazi anayesitasita. Alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, akitaka chanjo! Katika ngazi zote hizo hakuna aliyemuuliza neno. Halafu tunamtengenezea bango la kumweleza umuhimu wa chanjo ya surua.

Sihitaji kusimulia kwa urefu yale mengine ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki anayajua: mama anayefokewa kwa kupoteza kadi, anayesemwa mbele za watu kwa nguo za mtoto, anayeambiwa chanjo zimeisha baada ya kungoja tangu asubuhi. Mtu akidhalilishwa mara moja anatafuta sababu ya kutorudi, na sababu zinapatikana kirahisi.

Kuna utafiti ambao ningependa kila mpanga bajeti aujue. Ulifanyika Udaipur, Rajasthan, India, ukachapishwa mwaka 2010 na kundi la wachumi akiwamo Esther Duflo. Katika vijiji vilivyoachwa kama vilivyo, ni watoto 6 kati ya 100 waliokuwa wamekamilisha chanjo. Kwingine walipeleka kambi ya chanjo kila mwezi, kwa tarehe isiyobadilika, muuguzi akiwapo bila kukosa, wakafika 18. Kwingine waliongeza kilo moja ya dengu kwa kila chanjo na seti ya sahani kwa aliyekamilisha, wakafika 39. Watu ambao dengu iliwaleta hawakuwa maadui wa chanjo. Mtu anayeamini kwamba sindano ni sumu hawezi kumdunga mwanawe kwa kilo ya dengu. Walikuwa wanaahirisha, kama sisi sote tunavyoahirisha kwenda kupima shinikizo la damu. Hata hivyo nina wasiwasi wangu: 39 bado ni chini ya nusu. Na zawadi ikiondolewa, je, wanaendelea kuja? Zawadi ikiwa kubwa, mwenye shaka hataanza kujiuliza kwa nini analipwa? Maswali haya hayana jibu moja linalofaa kila mahali, na anayeuza zawadi kama dawa ya kila kitu anaharakisha.

Sisemi hakuna wanaokataa. Wapo, na hao ndio wanaostahili kusikilizwa kuliko wote, maana mara nyingi wana kumbukumbu ambayo sisi tungependa isiwepo.

Chukua Kano, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2003 viongozi walisimamisha chanjo ya polio wakidai imetiwa vitu vya kufunga uzazi. Virusi vikasambaa hadi nchi nyingine nyingi zilizokuwa zimeshavitokomeza. Masimulizi mengi yanaishia hapo, na msikilizaji anabaki akitikisa kichwa. Kinachorukwa ni kwamba mwaka 1996, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa iitwayo Trovan kwa watoto wa Kano hiyohiyo. Baadhi ya watoto walikufa, na familia zikasema hazikuelezwa kwamba ni majaribio. Kampuni ilikana makosa, na mwaka 2009 ikafikia suluhu ya dola milioni 75 na serikali ya jimbo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wazazi wa Kano hawakukosa taarifa. Walikuwa nayo nyingi kuliko wahamasishaji waliotumwa kuwaelimisha. Na walikuwa na swali jingine ambalo halikuwa la kipumbavu hata kidogo: kwa nini mnagonga mlango wangu mara kwa mara kwa matone ya polio, bure, ilhali mtoto wangu akishikwa na malaria zahanati haina dawa?

Kilichowarudisha kilikuwa kazi ya subira. Chanjo ilipimwa upya mbele ya watu waliowaamini, zikanunuliwa dozi kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao, na baadaye watawala wa jadi wakiongozwa na Sultani wa Sokoto wakaifanya kazi kuwa yao. Sehemu nyingine waligawa pia dawa za magonjwa ya kawaida. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya virusi vya asili Nigeria alionekana mwaka 2016, na tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya WHO ikathibitishwa kuwa huru na virusi hivyo.

Pakistan nako kuna kidonda chake. Mwaka 2011 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini B pale Abbottabad kama kifuniko cha kumsaka Osama bin Laden. Ikulu ya Marekani iliahidi mwaka 2014 kwamba shirika hilo halitatumia tena kampeni za chanjo hivyo. Ahadi hiyo haikuwafufua wachanjaji waliouawa mitaani tangu mwaka 2012. Mzazi wa huko akimtilia shaka mchanjaji, utamfundisha nini kuhusu kingamwili?

Kuna pia shaka tunayoitengeneza kwa kuahidi kupita kiasi. Ufilipino ilianza mwaka 2016 kuwachanja watoto wa shule chanjo ya dengi iitwayo Dengvaxia, na zaidi ya watoto 800,000 waliipata. Novemba 2017 kampuni ya Sanofi ikatangaza kwamba kwa mtu ambaye hakuwahi kuugua dengi, chanjo hiyo inaweza kuongeza hatari ya ugonjwa mkali. Watafiti waliokuwa wakipima imani ya umma waliona walioafiki kwa nguvu kwamba chanjo ni muhimu wakishuka kutoka 93 kati ya 100 mwaka 2015 hadi 32 mwaka 2018. Angalia: swali lilihusu chanjo kwa jumla. Mzazi hatenganishi chanjo moja na nyingine kama tunavyozitenganisha sisi kwenye majedwali.

Kwa upande wa mazungumzo yenyewe, ushahidi tulionao ni mwembamba kuliko tunavyojifanya. Mwaka 2014 utafiti mmoja wa Marekani ulionyesha kwamba ukimsahihisha mzazi mwenye shaka kuhusu usonji na chanjo ya surua, anaweza kukubali kwamba hakuna uhusiano na bado azma yake ya kuchanja ikapungua. Tulilihubiri hilo miaka mingi. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba mara nyingi kusahihisha hakuleti madhara hayo, ila pia hakuleti wachanjwaji wengi. Kuna utafiti mwingine wa hukohuko uliorekodi madaktari wa watoto wakizungumza na wazazi. Daktari anayeanza kwa kusema leo mtoto anachanjwa hupata wanaokubali wengi kuliko anayeuliza unaonaje kuhusu chanjo. Vizuri. Lakini wazazi walioanziwa hivyo hawakuridhika na ziara yao kama wale walioulizwa. Je, tumeshinda leo tukapoteza kesho? Sijui, na simwamini anayesema anajua.

Ninachokiamini zaidi ni mazungumzo ya aina iliyojaribiwa Quebec, Kanada, kwenye wodi za wazazi: mhudumu anauliza kwanza, anasikiliza, anaomba ruhusa ya kueleza, kisha anamwachia mzazi uamuzi. Yanachukua muda. Muuguzi mwenye foleni ya watoto nje ya mlango hana muda huo, na hapo ndipo fedha za fulana zingeenda.

Na mhudumu huyo apewe ruhusa ya kusema kweli. Mtoto akichanjwa penta, sindano moja inayokinga magonjwa matano, mara nyingi hupata homa. Mama aambiwe kabla, aambiwe itachukua siku ngapi na afanye nini. Asipoambiwa, usiku mtoto akichemka ataona amedanganywa, na dozi ya pili imeshapotea. Chanjo ya matone ya polio ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na pale ambapo wengi hawajachanjwa virusi hivyo vinaweza kuzunguka muda mrefu, vikabadilika na kupoozesha. Ndiyo maana aina ya pili ya virusi hivyo iliondolewa kwenye matone ya kawaida duniani kote Aprili 2016, na ndiyo maana kuna matone mapya, imara zaidi, yanayotumika tangu mwaka 2021. Nimeombwa mara nyingi kuliacha hili nje ya vipeperushi ili watu wasiogope. Nimekataa, na nitaendelea kukataa, kwa sababu mzazi akiuliza kama matone yanaweza kudhuru, jibu ni kwamba ndiyo, kwa nadra sana, na polio inayozunguka kwa watoto wasiochanjwa inadhuru mara nyingi zaidi.