"Nipime Tu, Daktari, Vipimo Vitasema"

Juma hili nimeambiwa tena, mara tatu kwa siku moja, kwamba maswali yangu yanapoteza muda na kwamba kazi ya daktari ni kuandika vipimo. Kati ya dhana zote ninazokutana nazo katika chumba cha wagonjwa wa nje, hii ndiyo inayoniumiza zaidi.

Maelezo ya mgonjwa ndiyo kipimo cha kwanza. Mwaka 1975 nchini Uingereza, J. R. Hampton na wenzake walichunguza wagonjwa wapya 80, na kwa 66 kati yao ugonjwa uliotajwa baada ya kusoma barua ya rufaa na kusikiliza historia ndio uliothibitishwa mwishoni. Maabara ilisaidia kwa 7 tu. Kipimo kisicho na historia hupotosha: Widal, kipimo cha damu cha kutafuta taifodi, inaweza kuwa chanya kwa mtu aliyeugua taifodi zamani au aliyechanjwa, kwa hiyo asiyetaka kueleza homa ilivyoanza huondoka na antibaiotiki asizozihitaji, ilhali kikohozi cha wiki tatu ambacho hakukitaja kilipaswa kumpeleka kwenye kipimo cha makohozi cha kutafuta kifua kikuu.

Sisi madaktari nasi tuna dhana yetu, kwamba mgonjwa akiachwa aseme hatamaliza. Utafiti wa Marekani wa 1984 ulionyesha kuwa daktari humkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Huko Basel, Uswisi, wagonjwa walioachwa wazungumze bila kukatizwa walimaliza kwa wastani wa sekunde 92. Foleni ndefu haihalalishi kumnyima mtu dakika moja na nusu.

Wengine huamini kwamba kuhudumiwa haraka ni kudharauliwa. Si lazima. Mwenye presha iliyotulia anayefuata dawa zake anaweza kuhudumiwa vizuri kwa dakika tano, lakini dakika hizo hazimtoshi mwenye kisukari, kidonda cha mguu na dawa sita.

Ninachowaomba wagonjwa ni kutaja matatizo yote mwanzoni, zito kuliko yote likitangulia, na kuja na dawa zote wanazotumia, za mitishamba zikiwamo. Mara nyingi mno nimesikia habari ya maumivu ya kifua mgonjwa akiwa ameshashika kitasa cha mlango, na kila mara nimemwomba arudi akae.